PEZI LILILOKATWA NA UDUGU ULIOKATIKA

Mawaidha kwa Waislamu wa Nachingwea, Ruangwa na pwani ya Lindi

Bismillahi. Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba killa kiumbe kwa kipimo, akakipa killa kiungo kazi yake na mpaka wake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na masahaba zake, na killa aliyeifuata njia yao kwa wema. Ama baada ya hayo:

Mwenyezi Mungu amewaita waja wake mara nyingi katika Kitabu chake watazame viumbe na wafikiri. Amewaelekeza kwa ngamia, na nyuki, na buibui, wala hakuona haya kupiga mfano hatta kwa mbu. Basi samaki naye si wa kudharauliwa. Mtu wa pwani humla samaki tangu utoto hatta uzee, na ng'onda achukuliwaye kutoka Lindi hufika masoko ya Nachingwea na Ruangwa, akapita katika mikono mingi. Lakini ni wachache wafikirio kwamba katika mkia wa kiumbe yule, alipokuwa hai majini, mlikuwa na funzo ambalo lau watu wangalilishika, nyumba nyingi zilizovunjika zingalisimama tena.

I. KHABARI YA PEZI LICHIPUALO

Mvua zinyeshapo kusini, tangu Desemba hatta Aprili, mabonde ya Mto Mbwemkuru na ya Mto Lukuledi hutapakaa maji, na madimbwi hujaa pahali palipokuwa vumbi tupu. Watoto hushuka na migono na ndoana kutafuta kambare na perege. Mara nyingine mvuvi huvua samaki ambaye mkia wake umekatika upande, au pezi lake limeliwa na samaki mwenziwe; na kwenye ncha ya pezi lile huona utando mwembamba, laini, usio na rangi kama sehemu nyingine. Utando huo si ugonjwa. Ni pezi jipya lichipualo.

Na pezi si ngozi tupu. Ndani yake mna miiba ya mfupa iliyopangwa mfano wa mbavu za mwavuli, na killa mwiba umegawanyika pingili pingili kama muwa. Baina ya miiba mna ngozi, na mishipa ya damu, na mishipa ya fahamu. Vyote hivyo hurudi, pingili baada ya pingili, hatta pezi likafika urefu wake wa kwanza, kisha likasimama hapo.

Jambo hili liliandikwa na Mfaransa Broussonet mwaka 1786, aliyekata mapezi ya samaki akayaona yakimea tena. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani Morgan aliona ajabu nyingine: pezi likikatwa karibu na mwili, ambapo hasara ni kubwa, huchipua kwa haraka zaidi kuliko pezi lililokatwa ncha tu. Kana kwamba kiumbe kile chajua ni kiasi gani kimepotea, nacho hufanya bidii kwa kadiri ya upungufu.

Katika zama hizi samaki aliyechunguzwa zaidi ni samaki mdogo wa mito na mashamba ya mpunga ya Bara Hindi, hauzidi urefu wake kidole cha mtu, naye ana mistari ya buluu ubavuni. Akikatwa pezi la mkia, katika maji ya vuguvugu, hulipata tena kwa muda wa majuma mawili au matatu.

Na Afrika ya Mashariki nayo haikukosa fungu lake katika ilimu hii. Tangu nyanda za chini za Kenya na Tanzania hatta Msumbiji na Zimbabwe, wako samaki wadogo wa madimbwi wenye rangi za kupendeza, ambao wenye ilimu huwaita Nothobranchius. Kusini mwa Tanzania wamo. Dimbwi likauka, wote hufa. Mayai yao hubaki ndani ya tope lililokauka, hatta mvua ya mwaka wa pili ishuke, ndipo yaanguliwe. Umri wao huhisabiwa kwa miezi. Mwaka 2020 wenye ilimu wa Marekani walimlinganisha samaki mmoja wa jamii hiyo na yule wa Bara Hindi, wapate kujua ni amri zipi ndani ya mwili ziamkazo pezi likatwapo, na ni zipi zilizo sawa kwa wote wawili. Na imeonekana pia kwamba samaki hao wa madimbwi wakizeeka, pezi lao huchipua polepole na pungufu. Kijana aahirishaye toba yake na aitie neno hili moyoni.

II. MANENO YAPITAYO BAINA YA CHEMBE

Mwili wa killa kiumbe chenye uhai umejengwa kwa chembe hai, ambazo wenye ilimu huziita seli. Ni ndogo mno, jicho tupu haliwezi kuziona. Chembe ya mfupa ina kazi yake, na ya ngozi ina yake, na ya damu ina yake. Pezi likatwapo, hakuna hatta chembe moja iwezayo kulirudisha peke yake. Wala chembe hazina macho ya kuona hasara, wala akili ya kupanga shauri. Zilizo nazo, kwa amri ya Muumba, ni kupelekeana khabari.

Khabari ya kwanza ni mwito. Mwaka 2009 ilionekana katika mkia wa kitoto cha yule samaki wa Bara Hindi kwamba mara tu baada ya jeraha, kwa muda wa dakika chache, chembe za ukingo wa jeraha hutoa haidrojeni peroksaidi, ile dawa ambayo waganga huimimina juu ya kidonda ikatoa povu. Dawa hiyo husambaa, nzito karibu na jeraha na nyepesi mbali yake. Na chembe nyeupe za damu huhisi, zikaja mbio. Haziji kwa kubahatisha. Zimeitwa, zikaitika. Nazo hufanya kazi ya kusafisha, na pasipo kusafisha pezi halimei vizuri.

Khabari ya pili ni sitara. Kabla ya siku moja kwisha, chembe za ngozi husogea zikalifunika jeraha. Lakini hazifuniki ili mambo yasahauliwe. Chini ya sitara ile mashauri ndiyo kwanza yaanza. Na ngozi yenyewe hupeleka risala kwa zilizo chini, nazo zilizo chini huirudishia majibu.

Khabari ya tatu ni kulainika. Chembe za mfupa zilizo karibu na jeraha huacha ugumu wake na sura yake, zikawa laini, zikasogea mbele, zikazaana. Pamoja na nyingine za ndani ya pezi hufanya kichipukizi chini ya ngozi. Katika kazi hii risala moja ina cheo kikubwa, ni protini iitwayo Fgf. Mwaka 2005 walipatikana samaki ambao risala moja ya namna hiyo imeharibika kwao tangu kuzaliwa. Wakikatwa pezi, ngozi hulifunika jeraha, lakini kichipukizi hakitokei, na pezi halirudi. Viungo vyote vya kazi vipo; neno moja la kuviamsha ndilo lililokosekana.

Khabari ya nne ni kurudi kwa killa mmoja kazini pake. Mwaka 2011 ilithibitika kwamba chembe iliyokuwa ya mfupa, ingawa imelainika na kuchanganyika na nyingine katika kichipukizi, mwisho hurudi kuwa mfupa. Na iliyokuwa ya ngozi hurudi kuwa ngozi. Hakuna inayojinyakulia cheo cha mwenziwe kwa sababu ya fujo ya jeraha.

III. MILANGO ILIYOZIBWA, NA PEZI LILILOPITA KIPIMO

Risala nyingine hazipiti nje, hupita mlangoni. Baina ya chembe na jirani yake mna milango midogo iliyotengenezwa kwa protini ziitwazo koneksini. Nusu ya mlango hutoka kwa chembe hii na nusu hutoka kwa jirani. Zikikutana, njia hufunguka, na vitu vidogo hupita kutoka ndani ya nyumba moja hatta ndani ya nyingine pasipo kupita barazani. Mlango huo hauwezi kufanywa na upande mmoja.

Wako samaki ambao koneksini zao zina kasoro, milango ikawa haipitishi kama ipasavyo. Samaki hao hawafi. Huogelea, hula, huzaa. Atazamaye kwa mbali haoni ila. Lakini pingili za miiba yao ni fupi, na mapezi yao ni mafupi, na likikatwa pezi hurudi fupi vilevile. Hawakupungukiwa na chakula wala na maji. Wamepungukiwa na mazungumzo baina ya majirani.

Kinyume chao ni samaki ambao mapezi yao hayajui mpaka. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba kwa baadhi yao sababu ni njia za potasiamu katika kuta za chembe, zilizokuwa wazi kupita kiasi. Kwa hiyo khabari ya kusimama haikufika kwa wakati wake, na pezi likaendelea kurefuka hatta likapita kipimo cha mwili. Mtu mjinga huliona refu, akalisifu. Mwenye busara hujua kwamba kukua kusikosikia neno la mpaka si neema. Na ugonjwa wa saratani, ulioziliza nyumba nyingi, nao ni habari ya chembe zilizoacha kusikia neno la kusimama, zikawa zazaana kwa nafsi yake tu mpaka mwili wote ukaangamia, nazo zikaangamia pamoja nao.

IV. NDUGU WALIOKATANA

Mtume (s.a.w.) amewafananisha waumini na mwili mmoja, ambao kiungo chake kimoja kikiugua, viungo vingine havilali kwa raha. Hadithi hiyo imepokewa na Nuuman bin Bashir, na watu wengi huijua kwa ulimi. Basi na itazamwe hali ya mwili huo katika miji na vijiji, ionekane kama milango yake i wazi au imezibwa.

Mzee hufa Ruangwa akaacha mikorosho, na shamba la ufuta, na nyumba ya bati. Ameacha wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mkubwa akaa papo hapo na baba yake. Mdogo anafanya biashara Nachingwea. Binti ameolewa karibu na Lindi. Arobaini haijatimia, maneno huanza. Mkubwa husema kwamba yeye ndiye aliyepalilia, kwa hiyo mikorosho ni yake. Mdogo husema kwamba yeye ndiye aliyeleta fedha za dawa, kwa hiyo nyumba ni yake. Wajomba nao husimama na mila ya ukoo wa mama wakadai fungu. Na binti, ambaye Mwenyezi Mungu mwenyewe amemtajia fungu lake katika Sura ya Nisaa, haulizwi neno. Huambiwa kwamba mumewe ana mali.

Kisha hufuata kimya. Mkubwa akipita sokoni humwona nduguye akageuza uso. Msimu wa korosho huja, fedha huingia, na killa mmoja hujenga ukuta. Watoto wa huyu hawawajui watoto wa yule. Siku moja mtoto wa mdogo huugua, akafa, na khabari humfikia baba yake mkubwa kwa mdomo wa mchuuzi wa ng'onda. Huja mazikoni, kwa sababu watu watasema. Akasimama katika safu ya nyuma, akamswalia mwana wa ndugu yake kama amswaliaye mgeni, na baada ya kaburi kufukiwa akaondoka pasipo kumshika mkono mfiwa. Na jioni ile wote wawili hulala macho, huyu kwao na yule kwao, na killa mmoja ajua kwamba mwenziwe halali.

Hao ndio samaki wa pezi fupi. Hawakufa. Huswali, hufunga, hula, hujenga. Atazamaye kwa mbali haoni ila. Lakini ukoo wao hauendi mbele. Pingili yao ni fupi na ya watoto wao itakuwa fupi, kwa kuwa mlango baina yao umezibwa, na killa mmoja angoja mwenziwe aufungue, hali yeye mwenyewe hakutoa nusu yake.

Na yule aliyenyakua fungu la dada yake, akaona shamba lake limepanuka, huyo ni pezi lililopita kipimo. Mipaka ya mirathi ni mipaka ya Mwenyezi Mungu, naye ameikamia adhabu ya kudumu kwa mwenye kuivuka. Mali iliyokua kwa kutosikia neno la mpaka, hatta ikiwa kubwa kiasi gani, ni uvimbe katika mwili wa ukoo.

V. MAMBO MANNE YA KUREKEBISHA

La kwanza ni kuitika mwito upesi. Chembe nyeupe hazingoji jeraha lioze. Mtume (s.a.w.) amekataza Muislamu kumhama nduguye kupita siku tatu, wakawa wakutana na huyu akageuka huku na yule akageuka kule, na amemsifu kwa ubora yule aanzaye kwa salamu. Siku tatu ni muhula wa hasira kupoa, si ruhusa ya kuzika udugu. Na jeraha likiwa kubwa, haraka yapasa kuwa kubwa, kama pezi lililokatwa karibu na mwili.

La pili ni kusema, si kuficha. Kwa wanadamu na wanyama wengi wanyonyeshao, jeraha kubwa huzibwa kwa kovu. Kovu huzuia damu na uchafu, nalo ni rehema. Lakini si kiungo kilichopotea. Ziko suluhu za namna ya kovu. Wazee hukusanyika, hula pilau, husema "yamekwisha", na hakuna aliyehesabu mikorosho wala aliyempa binti haki yake. Ngozi imefunika, na chini yake hakuna kichipukizi. Suluhu ya haki huanza kwa kutaja kilichokatwa: mikorosho mingapi, hatua ngapi za shamba, fungu la nani. Kisha kila haki ikarudi kwa mwenyewe, mbele ya mashahidi na kwa maandishi.

La tatu ni kulainika kwa mkubwa. Katika pezi hakianzi kujengwa kitu mpaka mfupa ukubali kuacha ugumu wake. Mkubwa wa nyumba ndiye mfupa wake. Akisema, "Mimi ni mkubwa, na aje yeye," amemhukumu mfupa asilainike. Lakini akitoka Ruangwa asubuhi, akashuka Nachingwea, akabisha hodi kwa mdogo wake, hakupoteza ukubwa. Atarudi kuwa mfupa, na safari hii atakuwa mfupa ulioshikana na pezi zima. Na Mtume (s.a.w.) ameeleza kwamba muungaji udugu wa kweli si yule alipaye wema kwa wema, bali ni yule ambaye akikatwa huunga.

La nne ni killa mtu kukaa na kazi yake na mpaka wake. Mjomba ana heshima ya mjomba, naye na aipate. Lakini heshima haigeuzi mafungu. Shehe asuluhishaye ana kazi ya kusuluhisha. Asitoke na kipande cha shamba. Mke wa mkubwa na mke wa mdogo wana kazi ya kutia maji moto uliowaka, si mafuta.

VI. FUNZO LA KUTOSIKIA

Nachingwea ina ukumbusho wake wa jambo hili, ambao wazee waliuona. Baada ya vita vya pili, serikali ya Kiingereza ilianza mwaka 1947 mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matingatinga na mashine za killa namna, misitu ikang'olewa, reli ikajengwa kutoka pwani hatta Nachingwea. Fedha zilizotumika zilipita pauni milioni 30. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Ukame na ugumu wa udongo, ambao wenyeji walioulima ardhi ile kwa jembe waliujua, haukuulizwa mapema, wala mashine hazikuufaa. Amri zilishuka kutoka juu. Khabari hazikupanda kutoka chini. Na reli ile ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikang'olewa.

Reli ikikatwa haichipui. Chuma hakiitiki kwa chuma jirani. Ama kiumbe hai, na jamaa iliyo hai, vina tumaini maadamu vyasikilizana. Basi mtu na achague kwamba udugu wake uwe ni chuma au ni pezi.

VII. MASWALI NA MAJIBU

Akiuliza mwenye kuuliza: Je, kuchipua kwa pezi ni hoja ya kufufuliwa wafu?

Atajibiwa: Kufufuliwa huaminiwa kwa neno la Mwenyezi Mungu na Mtume wake, wala hakungojei samaki. Samaki huchipua akiwa hai, kwa chembe zilizo hai. Na kufufua mifupa iliyooza ni amri nyingine, imstahikiyo aliyeiumba mara ya kwanza. Lakini mwenye moyo akiona pingili zikirudi mahali pake kwa kipimo, hukumbuka kwamba Mola wake ametaja katika Sura ya Kiyama uweza wake wa kuzisawazisha hatta ncha za vidole, akazidi kunyenyekea. Mfano ni wa kukumbusha. Mwenye kuufanya nguzo ya imani amejenga juu ya mchanga, kwa kuwa ilimu ya viumbe hurekebishwa killa mwaka, na neno la Mola halirekebishwi.

Akiuliza: Mbona mwanadamu, aliyetukuzwa, hachipui mkono ukikatwa, na samaki mdogo huchipua pezi?

Atajibiwa: Mwenyezi Mungu hugawa neema zake apendavyo. Mwanadamu hakunyimwa kabisa: ini lake likikatwa sehemu hukua tena, na ncha ya kidole cha mtoto mdogo, ikikatwa penye ukucha, huweza kurudi. Na amepewa kisichopewa samaki, nao ni ulimi wa kuomba radhi. Asiyeutumia amekuwa maskini kuliko samaki.

Akiuliza: Je, yajuzu kuwakata samaki mapezi kwa ajili ya ilimu hii?

Atajibiwa: Mtume (s.a.w.) ametoa khabari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga akamnyima chakula. Basi kumtesa kiumbe kwa mchezo ni haramu, na watoto wanaokata samaki mikia madimbwini kwa kutaka kuona ajabu wakatazwe na wazee wao. Ama wachunguzi, desturi yao ni kumlevya samaki kwa dawa kwanza asihisi, nao hutafuta dawa ya vidonda na magonjwa ya watu. Mwenye haja ya kweli na mwenye huruma si sawa na mchezaji. Na juu ya wote wawili yuko Mwenye kuhisabu.

Akiuliza: Itakuwaje mtu akienda kwa nduguye, na nduguye akafunga mlango?

Atajibiwa: Yeye ametoa nusu yake ya mlango, na ujira wake uko kwa Mola wake. Na arudi tena. Pezi halimei kwa siku moja, wala risala haiitikwi killa mara ipelekwapo. Akifa hali akijaribu, amekufa akiwa muungaji. Na yule aliyefunga ndiye atakayeulizwa.

VIII. WASIA

Imepokewa kwamba amali za waja huonyeshwa Jumatatu na Alhamisi, na husamehewa killa asiyemshirikisha Mwenyezi Mungu na chochote, isipokuwa wawili wenye uadui baina yao. Hao husemwa wangojewe hatta wapatane. Ni Jumatatu ngapi na Alhamisi ngapi zimepita tangu mzee wa Ruangwa azikwe? Mtu hufunga siku hizo mbili akitaraji msamaha, na msamaha wake umezuiliwa mlangoni pa nduguye, mwendo wa saa chache kwa gari.

Na imepokewa tena kwamba kusuluhisha waliogombana kuna daraja kuliko saumu na sala na sadaka za sunna. Basi wazee wa misikiti ya Nachingwea na Ruangwa, na wa pwani ya Lindi, wasingoje kuitwa. Wajue ni nani katika safu zao asiyempa mkono jirani yake baada ya sala. Waende kwake, wawili au watatu, wenye siri na wenye kuijua hesabu ya mirathi. Wamkalishe huyu na yule, na binti awepo, au mwakilishi amtakaye mwenyewe. Waanze kwa kuhesabu mikorosho, wamalize kwa Fatiha. Wala wasianze kwa Fatiha wakaikimbia hesabu.

Enyi wana wa baba mmoja, msimu wa mvua ni mfupi, na dimbwi hukauka. Samaki wa dimbwi huchipua vema akiwa kijana, na akizeeka hupungukiwa. Leo nduguyo yu hai na miguu yako yakuchukua. Mwiteni aliyekatika kabla hajawa jina juu ya kaburi.

Mwenyezi Mungu azilainishe nyoyo zilizokuwa ngumu, aifungue milango iliyozibwa baina ya ndugu na ndugu, amrudishie killa mwenye fungu fungu lake, na awasimamishe Waislamu katika mipaka yake. Na amrehemu mtoto yule aliyezikwa na safu mbili zisizopeana mikono, amfanye kuwa sababu ya kupatana kwao. Amin. Na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Walhamdulillahi.